Yanatosha, Mwanangu

Niliisikia sauti yangu kabla sijapiga hodi.

Ilikuwa inatoka chumba cha uani kwa Mama Mbonea, polepole, kama ninavyosema nikiwa nimekaa na mtu aliyechoka: "Yanatosha, mwanangu. Tulia. Mtoto anajua kazi yake." Nilisimama pembeni ya shamba la tangawizi, sabuni na kanga za kumpelekea mtoto vikiwa kwapani, nikangoja imalize. Nimeshazoea. Milimani kwetu, kuanzia nyavu za kukinga maji ya ukungu kule kileleni mpaka bwawa la mwisho la kumwagilia huku chini, hakuna nyumba yenye mtoto wa kwanza ambayo sauti yangu haimo.

"Hodi humu."

"Karibu, Bibi Nakijwa! Naetwe, jiweke vizuri, Bibi amekuja. Yule mwenye miguu."

Mama Mbonea alicheka utani wake mwenyewe, akaniamkia, akanipa kiti chenye mto. Huyu ni mtu ambaye miaka yote akipika makande hunitengea bakuli, na maharage yangu huyaponda kwa mwiko kwa sababu ya meno yangu. Hajawahi kunieleza kwamba anayaponda. Nilikuja kugundua mwenyewe siku niliyokula makande ya nyumba nyingine.

Mkwewe Naetwe alikuwa ameketi kitandani, binti mwembamba wa miaka ishirini na moja, mtoto mapajani. Ni mzazi wa mara ya kwanza, wiki tano. Mtoto alipewa jina la bibi yake, Namsifu, na Mama Mbonea tangu siku hiyo alikuwa anatembea kama mtu aliyeshonewa gauni jipya.

"Nipe nimpakate mwenzangu," nikasema.

Mikono yangu imepokea watoto miaka arobaini. Inajua uzito kabla ya mzani. Nilikuwa nimeiandaa kwa mtoto wa wiki tano. Ikapanda juu yenyewe, kama mtu anyanyuapo ndoo akidhani imejaa maji, kumbe tupu. Nikamgusa utosi. Umebonyea. Midomo mikavu. Hakulia, alinitazama tu, kwa utulivu ambao watu wasiojua huusifia.

"Leo amekojoa mara ngapi?"

"Mara moja, asubuhi," Naetwe akasema. "Rangi ya chai."

"Na jana?"

Akatazama mlangoni, alikosimama mama mkwe wake. "Nilimuuliza Bibi wa Kidani. Akaniambia yanatosha."

"Ulimuulizaje?"

"Nilikuwa nalia."

Kidani chenyewe ni kitu kidogo cha rangi ya udongo, sawa na kifungo cha koti. Mwenye mimba ya kwanza hupewa kliniki akifikisha miezi saba, akakibandika chini ya kanga, juu ya titi. Hakina jicho, maana akina mama walikataa jicho. Kina sikio tu, na nguvu zake kinazipata kwenye joto la mwili. Husikia mtoto anavyomeza, funda kwa funda, kikahesabu. Kisha husema kwa sauti yangu: mbadilishie upande, mwinue kidogo, usimpe maji, bado hajafika miezi sita. Zamani kila masika tulizika watoto wa kuhara, walionyweshwa maji ya mchele na uji wa wiki ya tatu. Siku hizi ninaweza kuwataja kwa majina wote tuliowazika tangu vidani vije, na sitaishiwa na pumzi.

"Mwanangu," nikamwambia Naetwe, "hayatoshi."

Akatazama kifuani kwake, akanitazama mimi. "Sasa nimsikilize nani, Bibi? Wewe au wewe?"

"Amsikilize asiyezeeka," Mama Mbonea akadakia akicheka. "Bibi, usikasirike. Kidani hakina mtoto wa jicho. Wewe juzi umemwamkia mbuzi wangu."

Nilikuwa nimemwamkia kweli. Jua lilikuwa machoni. Lakini kicheko kile kilinichoma mahali, na ninakitaja kwa sababu kina sehemu yake katika haya.

"Mfunge mgongoni twende zahanati," nikasema.

"Leo Jumatano? Tupite sokoni na mtoto alivyo hivyo?" Mama Mbonea aliacha kucheka. "Unajua watakachosema."

Nilijua. Kwetu mtoto akikonda miezi ya kwanza, watu hawaulizi ananyonya vipi. Wanasema amebemendwa: kwamba wazazi hawakuvumilia, wamelala pamoja kabla ya wakati, au mmoja wao ametoka nje, na sasa mtoto ndiye anayeteseka. Miaka arobaini nimefundisha kwamba si kweli. Wananiitikia vizuri sana, wananishukuru, kisha wanasubiri nifike njiani ndipo wanong'one.

"Mbonea alikuja likizo majuzi," Mama Mbonea akasema, akimtazama mkwewe.

"Alilala sebuleni, mama. Wewe mwenyewe ulimtandikia."

"Mimi nililala. Sijui kilichofuata."

Naetwe akaanza kulia bila sauti. Na palepale, kutoka kifuani kwake, nikajisikia: "Yanatosha, mwanangu. Tulia."

"Unaona?" Mama Mbonea akasema. "Sisi nyumba hii maziwa hayakauki. Mbonea alininyonya mpaka akaanza kukimbia."

Hapo ndipo niliposema. Nilikuwa na mtoto mwepesi mkononi, nilikuwa na hofu, na ile habari ya mbuzi ilikuwa bado inanichoma. Nikasema mbele ya mkwe wake:

"Mbonea alinyweshwa kwa kikombe, Mama Mbonea. Kikombe cha kahawa chenye ua jekundu, mpini umevunjika. Miezi miwili. Nilikuwa nakipitisha mlango wa nyuma, chini ya kanga, ili mama mkwe wako asione. Maziwa yako hayakutosha, na hukuwa umemkosea mtu. Leo mwanao anapanda minara ya upepo. Kwa hiyo huyu mfunge mgongoni twende."

Nilisikia kuku uani. Mama Mbonea alishika fremu ya mlango.

"Ulisema utakufa nalo," akasema.

"Nilisema."

Akaingia chumbani kwake. Nikadhani ndiyo basi. Akatoka na kanga yake ya sherehe, ile asiyowahi kuvaa sokoni, akamfunika mtoto nayo. Akatangulia mbele. Tulipita katikati ya soko, yeye mbele, kichwa juu, bila kuamkia mtu.

*

Mzani ulisema mtoto amepungua kuliko siku aliyozaliwa. Mganga wa zahanati, kijana mpole mwenye mikono baridi, aliipasha mikono yake kwenye birika kabla hajamgusa. Alizungumza na daktari wa wilaya kupitia kioo cha ukutani, wakakubaliana: alazwe hapo hapo, anyonye, na baada ya kila kunyonya apewe maziwa ya kukamua kwa kikombe, pamoja na ya kopo kiasi kilichopimwa, mpaka ya mama yaongezeke.

Nilikaa nao siku tatu. Mtoto alikuwa anashika ncha ya chuchu tu, mdomo mdogo kama anayepiga mluzi, akichoka kabla hajapata kitu. Naetwe alikuwa na maziwa, ila yalikuwa hayatolewi, na yasipotolewa hupungua.

"Usimpelekee titi. Mlete yeye," nilimwambia. "Sikio, bega na nyonga vikae mstari mmoja. Mguse mdomo wa juu kwa chuchu, ngoja. Ngoja tena. Akipiga mwayo kama mchungaji kwenye mahubiri ya mwenzake, hapo hapo mvute. Kidevu kiguse titi. Unasikia maumivu?"

"Hapana. Kwanza nasikia... anameza!"

"Hesabu."

"Moja. Mbili. Bibi, tatu!"

Mama Mbonea alileta uji kila asubuhi, wa mkwewe na wangu. Alikuwa ananiwekea wangu mezani bila neno. Sukari ilikuwa imewekwa kama ninavyopenda. Siku ya tatu, mtoto alipokojoa nepi mbili kabla ya saa nne, alikaa kwenye benchi akafunika uso kwa viganja vyote viwili. Sikumwendea. Nilijua hakunihitaji mimi.

*

Kokubelwa alikuja wiki iliyofuata. Huyu ndiye mhandisi aliyenifuata kila mahali miezi kumi na minne wakati vidani vinafundishwa. Binti wa Kihaya mwenye sauti ndogo, ambaye katika muda wote huo hakuwahi kuingia kwangu bila kufuta viatu. Wakati ule alinibandika pini begani, sikio la kidani, ili mashine ijifunze jinsi mkunga mzee anavyozungumza na mama aliyechanganyikiwa. Alisema maneno yapo vitabuni, wanachokosa ni namna ya kuyasema.

Safari hii alikuwa na kibao cha mwanga mkononi, na hakutaka chai.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Kaa, mwanangu. Umekuja kwa habari ya Namsifu."

"Na wengine." Akakaa. "Bibi, hesabu ilijua. Siku ya tisa tu hesabu ilishaona mtoto hamezi vya kutosha. Lakini tuliiweka hesabu chini ya mwalimu. Tulipoanza, ilikuwa inawatisha akina mama kwa kila jambo dogo. Kwa hiyo tukaielekeza: hesabu ikitofautiana na mwalimu, mfuate mwalimu."

"Na mwalimu ni mimi."

"Tulikusikiliza miezi kumi na minne. Kila mama aliyelia kwamba mtoto hashibi ulimjibu yanatosha. Mara mia mbili na sita. Neno hayatoshi hukulisema hata mara moja. Nimerudia kusikiliza zote." Alinitazama kama anayeomba msamaha kwa kuuliza. "Yote mia mbili na sita yalikuwa yanatosha kweli?"

Nikamwambia. Karibu yote yalitosha kweli. Mama alikuwa amechoka tu, na mtoto ananenepa. Lakini nyumba kama saba hivi hayakutosha. Na katika nyumba hizo pia nilisema yanatosha, kwa sauti kubwa, kwa sababu nyuma ya mlango kulikuwa na mama mkwe, na wifi, na jirani aliyekuja kuomba chumvi. Neno lile lilikuwa la nyumba. Likishasemwa, nyumba hutulia, hakuna anayetaja kubemenda. Kisha nilitoka nje, nikavua pini, nikaiweka kwenye kikasha cha miwani, nikarudi kwa mlango wa nyuma na kikombe. Nikakaa na mama yule siku mbili, tatu, kila siku, mpaka mtoto ashike titi. Na yule aliyezidiwa nilimpeleka na mama yake hospitali ya mbali tukisema tunakwenda kusalimia.

"Ulikuwa unavua," Kokubelwa akasema.

"Ilikuwa siri ya mtu, mwanangu. Utaingiaje na sikio la serikali kwenye siri ya mtu?"

"Kwa hiyo sisi tulisikia neno. Hatukusikia kikombe."

"Hamkusikia."

Akaegemeza kibao mapajani. Alisema tangu vidani vianze kazi, katika wilaya tatu, wamepata watoto thelathini na wanane ambao hesabu ilisema hapana, na mimi nikasema yanatosha. Thelathini na wanne waliwahiwa. Watatu wako hospitali. Halafu akaanza kukunja ncha ya mtandio wake, akaikunja tena.

"Na mmoja?" nikauliza.

"Wa ng'ambo ya bonde. Wa kiume. Alikuwa na wiki saba."

Nilimwomba jina, akanipa. Sitaliandika hapa. Kuna jambo moja nimejifunza katika habari hii, angalau moja. Lakini jina lile ninalitamka kila siku nikiamka, kabla sijasema jina la mtu mwingine.

"Mama yake bado anacho kidani," Kokubelwa akasema. "Tulikwenda kukichukua. Alikataa. Anasema usiku ule ndicho peke yake kilichomtuliza."

Nilinyanyuka nikaenda kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

*

Nilimwambia azime vidani vyote. Nilikuwa nimesimama, nampa mgongo. Akaniambia jambo ambalo sikulitarajia: siku tatu zilizopita walikuwa wamegeuza mpangilio, hesabu juu, mwalimu chini. Katika siku tatu hizo akina mama mia tisa walikuwa wamekivua kidani na kukitupa kabatini, kwa sababu kilikuwa kinawaambia "kiasi hakijafikiwa" kila saa. Na zahanati mbili zilikuwa zimeshapokea watoto walioanzishiwa maji ya mchele.

"Hesabu haijui kusema na mtu, Bibi. Wewe unajua. Tunahitaji ujue kusema hayatoshi."

"Nibandike pini basi. Nifundishe upya."

"Miezi sita kwa uchache. Watoto wa mwezi huu hawana miezi sita." Akavuta pumzi. "Lakini tunao mfano mmoja. Mzima, tangu mwanzo mpaka mwisho. Wewe hukuwa na pini siku ile, ila Naetwe alikuwa na kidani."

Akagusa kibao, na mimi nikazungumza ndani ya nyumba yangu:

"Hayatoshi, mwanangu, na hukumkosea mtu. Kuna mtoto nilimnywesha kwa kikombe cha kahawa chenye ua jekundu, miezi miwili, na leo anapanda minara ya upepo. Mfunge mgongoni, nenda zahanati. Nimeshawaambia unakuja."

"Mmekitoa wapi hiki?" nikasema. "Mmekitoa kwenye nini?"

"Tunakijaribu kata ya juu tangu juzi. Bibi, wanakwenda. Wote kumi na wanne walioambiwa hivyo wamekwenda, siku hiyo hiyo. Jina tumeliondoa."

"Mmeliondoa!" Sijawahi kumfokea binti yule, na nilimfokea. "Kata hii yote anayepanda minara ya upepo ni mmoja! Anayesoma mita za maji huko juu na huku chini ni yule yule, duka wanakonunua wao na mama yake ni lile lile! Kwetu hapa jina halitoki kwa kulitoa, Kokubelwa!"

Alikubali kufokewa. Alingoja mpaka nikakaa.

"Basi kateni kikombe. Acheni hayatoshi peke yake."

"Tulijaribu. Wanasikia kama hukumu. Wanamficha mtoto. Kikombe ndicho kinachowanyanyua."

"Nitasema alikuwa mwanangu mimi. Nirekodi sasa hivi."

Akanitazama kwa huruma iliyonitia aibu. "Bibi, ukikidanganya kidani, kitajifunza kudanganya."

Kilikuwa kimeshajifunza, na mwalimu wake alikuwa mimi.

Kwa sheria yao, mwalimu anaweza kulifuta somo lolote alilolitoa. Alisema nikitamka tu, kikombe kitafutika kwenye vidani vyote kabla hajafika barabarani, na watarudi kwenye hesabu mpaka nifundishe upya. Akaniachia mpaka Ijumaa. Akanywa chai yote, ambayo hakuitaka, kwa sababu nilikuwa nimeshaimimina.

*

Siri haikuwa yangu, kwa hiyo nilikwenda kwa mwenyewe.

Nilimkuta uani anakata tangawizi vipande vyembamba na kuvipanga kwenye ungo wa kuanikia. Naetwe alikuwa kisimani. Nilisimama. Hakunipa kiti, na sikukiangalia.

Nilimweleza yote. Kidani, pini, kikasha cha miwani, mia tisa, kumi na wanne. Alikata tangawizi tu.

"Nimeshasikia," akasema. "Kwenye bwawa jana waliponiona walianza kusifia mvua. Mvua yenyewe hakuna." Akapanga vipande vitatu. "Mbonea amepiga simu. Huko mnarani wanamwita Kikombe. 'Kikombe, shika kamba. Kikombe, shuka ule.' Alikuwa anacheka. Mimi namjua akicheka hivyo."

"Nisamehe, mama."

"Ningekuwa na hasira ndogo kuliko hii ningekusamehe upesi, ili uondoke." Hapo ndipo aliponitazama. "Nikuulize. Siku ile jiko lilikuwa wazi. Hakuna mtu jikoni. Kwa nini hukunivuta pembeni? Ungeniambia 'Mama Mbonea, kumbuka kikombe.' Maneno mawili. Ningemfunga mtoto mwenyewe."

Nilitaka kusema mtoto alikuwa hana muda. Lakini jikoni ni hatua sita, na kwa hatua sita mtoto asingekufa.

"Ulinicheka kwa habari ya mbuzi," nikasema.

Kisu kilisimama.

"Mbuzi," akasema.

"Mbele ya Naetwe. Nikaona sasa hatanisikiliza. Nikataka nikunyamazishe."

Alinitazama kwa muda mrefu, na ninadhani ile ndiyo mara ya kwanza alipoamini kila nililomweleza, kwa sababu ni mtu gani angelibuni jambo dogo na baya namna hiyo. Akarudi kwenye tangawizi.

"Yule wa ng'ambo ya bonde. Mama yake alilia, kidani kikamwambia yanatosha?"

"Ndiyo."

"Na angeambiwa habari ya kikombe, angekwenda?"

"Wale kumi na wanne wamekwenda."

"Sikukuuliza wale."

"Sijui. Nadhani angekwenda."

Alimaliza mzizi aliokuwa nao mkononi. Akachukua mwingine, akaukwangua ganda, akaukata wote, taratibu, vipande sawasawa. Nilisimama pale miguu ikiniuma, na sikuona haki ya kuegemea ukuta.

"Usifute," akasema. "Kiseme. Waambie waongeze na mpini uliovunjika, maana wakiambiwa ua jekundu tu kila mtu atasema ni cha kwake." Kisha akaunyanyua ungo, akauweka juani, akanipa mgongo. "Lakini wewe usije kwangu tena, Nakijwa."

Hakusema Bibi. Miaka ishirini na saba, na hakusema Bibi.

*

Sikufuta. Walileta pini mpya, na sasa siivui kwa siri. Nikifika kwenye nyumba namwambia kwanza mama mwenyewe, nje, mbali na mlango: kitu hiki kinasikia, ukitaka nikiache nitakiacha na nitawaambia nimekiacha. Wengine wananiambia niache. Wengine wananiambia ingia nacho, kisikie. Ninajifunza kusema hayatoshi kwa sauti ambayo haimwangushi mtu. Katika umri wangu ni kama kujifunza kuandika kwa mkono wa kushoto.

Nilikwenda ng'ambo ya bonde pia. Mama yule alinikaribisha, akafunga macho niliponena, akaniomba niseme tena. Nilimwambia kwamba yule aliyemdanganya ni mimi. Alifungua macho. Yaliyofuata ni yake, na nimeyaacha kwake.

Kwenda kliniki lazima nipite njia ya shamba la tangawizi. Nikifika pale napunguza mwendo. Wakati mwingine Naetwe ananyonyesha kwenye chumba cha uani, na ninasikia sauti yangu humo ndani, imekaa kitandani kwa raha zake, inamwambia ambadilishie upande. Naisikiliza mpaka imalize, kisha naendelea na safari.

Makande yalikuwa yamekoma. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilikuwa napika ndizi.

Wiki ya tisa, adhuhuri, Naetwe alibisha hodi. Namsifu alikuwa mgongoni, mashavu yamejaa, anapiga kelele za kumfokea mtu asiyeonekana. Naetwe alikuwa na bakuli lililofunikwa kwa kitambaa.

"Mama amesema nikuletee."

"Amesema nini kingine?"

"Hakuna." Akafikiri. "Amesema bakuli lirudi."

"Nilirudishe mimi, au utalifuata wewe?"

"Hakusema, Bibi. Nilimuuliza, akajifanya anapuliza moto."

Walipoondoka nilikaa mlangoni, nikafunua kitambaa. Makande yalikuwa ya moto, yana harufu ya vitunguu alivyovikaanga mpaka vikawa na rangi ninayoipenda. Nikaingiza kijiko. Maharage yalikuwa mazima, hakuna hata moja lililopondwa.

Niliyala yote, moja moja, kwa upande wenye meno. Ilinichukua mchana wote. Kisha nikaliosha bakuli, nikalikausha, nikaliweka juu ya meza karibu na kanga yangu, nikakaa kulitazama.